Kompyuta ya zamani, bando dogo, bango lililorudishwa: nianzie wapi usanifu wa grafiki?

Msomaji ameniandikia hivi:

"Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili pale Mlimani, nasoma sosholojia. Muhula huu nimechukua kozi ya hiari ya usanifu wa grafiki na uhariri wa picha kwa wanaoanza. Wenzangu wawili tayari wanadizaini kadi za harusi na wanalipwa. Mimi hata kuchora nyumba sijui. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4, Photoshop inakwama, na bando huisha kabla bumu halijaingia. Nimekuambatishia bango langu la kwanza, la siku ya kuchangia damu. Mwalimu kalirudisha na neno moja: 'Halisomeki.' Mbona mimi nalisoma? Zoezi la pili ni picha ya mtu. Nimempiga dada yangu kwenye mahafali yake, uso umetoka giza na anga nyeupe. Nianze na programu gani? Na je, nitafika?"

Marahaba, mdogo wangu.

Bango lako nimelifungua kwenye simu, nikalifungua kwenye kompyuta, halafu nikaliprinti na kulibandika ukutani jikoni ili nilione kila ninapopita. Mwalimu wako amesema kweli, na wewe hujasema uongo. Unalisoma kwa sababu umeliandika mwenyewe. Kila neno unajua umeliweka wapi. Mwenzako anayepita mbele ya ubao wa matangazo, daftari kwapani, akiwahi kipindi cha saa mbili, hajui neno liko wapi na hatasimama kulitafuta. Kozi uliyochukua inafundisha jambo hilo hasa: kumpangia mtu mwingine aone nini kwanza, kifuate nini, na nini kibaki kwa mwenye muda. Programu zote utakazosikia zikitajwa ni vyombo vya kufanyia kazi hiyo. Kwa hiyo niruhusu nianze na bango lenyewe.

Juu kabisa umeandika UNAKARIBISHWA KATIKA ZOEZI LA UCHANGIAJI WA DAMU SALAMA KWA HIARI, herufi kubwa tupu, mistari minne. Nakitambua kiolezo ulichokitumia. Kilitengenezwa kwa ajili ya maneno mafupi ya Kiingereza, na kichwa chake cha asili kilikuwa kaneno kamoja tu kenye nafasi tele pembeni. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. UNAKARIBISHWA peke yake lina herufi 13, na huwezi kulikata katikati bila kulijeruhi. Ulipoona halienei ukapunguza ukubwa wa herufi, ukapunguza tena, na sasa kichwa cha bango ni kidogo kuliko nembo za wadhamini. Jambo hili utakutana nalo maisha yote ya kazi hii, kwa hiyo lizoee mapema: anayesanifu kwa Kiswahili anaanza kwa kuhariri maneno, ndipo anashika rangi. CHANGIA DAMU. Maneno mawili, herufi 11, mistari miwili mifupi inayoweza kujaza theluthi nzima ya karatasi. Kwamba mtu anakaribishwa, bango lenyewe limeshamwambia. "Zoezi" halimwongezei kitu. "Kwa hiari" inaweza kushuka chini, ikakaa kwa utulivu kwenye sentensi ya maelezo.

Baada ya kichwa, siku, saa na mahali. Umeviweka chini kabisa kwa njano juu ya nyeupe, na hapo ndipo bango limekufia mikononi. Njano na nyeupe zote ni rangi za mwanga mwingi. Macho hayana cha kushikilia. Kama unataka kujua rangi mbili zinatofautiana vya kutosha, geuza kazi nzima iwe nyeusi na nyeupe kwa muda. Maneno yakipotea hapo, basi na mtu aliyesimama mbali hayaoni. Kuhusu ukubwa, watengeneza mabango wana kanuni ya zamani ambayo bado naitumia: herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka vizuri ukiwa mita 3. Ukitaka herufi kubwa zifike kimo hicho kwenye karatasi, weka ukubwa wa fonti kwenye 100 hivi. Tarehe yako uliiweka 14.

Fonti umetumia tano. Mbili zinatosha, na mara nyingi moja yenye uzito tofauti, nene na nyembamba, inatosha zaidi. Ila kuna kosa ambalo nadhani hukuliona kabisa. Kituo chenu cha pili kiko Chang'ombe, na ile fonti ya madoido uliyoichagua haina alama ya ng'. Imeacha kijisanduku kitupu, hivyo bango linasomeka "Chang" halafu "ombe". Fonti nyingi za bure zimechorwa na watu ambao hawajawahi kuandika Chang'ombe wala ng'ambo. Kabla hujaipenda fonti yoyote, iandikie maneno hayo mawili kwanza uone itafanya nini.

Sasa toka kwenye kompyuta. Nenda Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya kanga, usimame kama dakika kumi bila kununua kitu. Kila kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina: yale maandishi yanayokaa chini ya mji, kwa kawaida kwa herufi kubwa, ndani ya nafasi yake iliyotengwa. Waliobuni mpangilio ule hawakuwa na kompyuta, lakini kila kitu atakachokufundisha mwalimu kuhusu mpangilio kimo mle. Pindo linakusanya macho yasitoroke. Mji una kitu kimoja kikubwa au kitu kidogo kinachojirudia, ni nadra kuchanganya vyote. Na jina limeachiwa uwanja mtupu ili lisigombane na maua. Angalia hasa ule uwanja mtupu. Kwenye bango lako hakuna mahali hata padogo ambapo macho yanapumzika. Kila pembe umeijaza nyota, kila kona tone la damu. Utupu ni sehemu ya kazi, unaupanga kama unavyopanga maneno.

Rangi zina jambo moja la hapa kwetu ambalo vitabu vya nje haviwezi kukuambia. Umetumia nyekundu na nyeupe kwa sababu ya damu, na umefikiri vizuri. Lakini hapa Dar, nyekundu na nyeupe bila kitu kingine, tena wiki ya mechi, ni Simba, na wa Yanga anapita bila kusoma. Kijani na njano nako kuna Yanga na kuna CCM. Siwaambii wanafunzi wangu wazikimbie rangi hizo. Nawaambia wajue zimeshabeba nini kabla hawajazitia maneno yao. Kwako wewe ningebakiza nyekundu sehemu moja tu, kwenye neno DAMU, na mengine yote yakawa nyeusi juu ya nyeupe. Nyekundu ikiwa moja ndiyo inayoita.

Unasema hujui kuchora. Kwa kozi hii unachohitaji ni kuchora visanduku. Chukua karatasi ya daftari, gawanya iwe vyumba 20 vidogo vya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, na kila kimoja kiwe bango lako: mstari mnene ndio kichwa, mistari membamba ndiyo maelezo, kiduara ndiyo picha. Vitano vya kwanza vitafanana. Kuanzia cha nane au cha tisa utaanza kuchoka na hapo ndipo mawazo mapya huingia, kwa sababu ya kawaida yameisha. Dakika ishirini, hakuna bando, hakuna umeme. Wale wenzako wanaoanzia moja kwa moja kwenye kioo huishia kwenye wazo la kwanza, maana kulifuta kunauma baada ya saa mbili za kuliremba.

Na ukipata Jumamosi ya bure, panda gari uende Oyster Bay ukaone wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora pale Dar mwaka 1968, kwenye vipande vya mbao za hardboard, kwa rangi za kung'aa za kopo, zile za kupaka vitu vya chuma. Alifariki 1972, lakini ukiangalia kazi za waliomfuata utaona alichokiacha. Rangi ile haichanganyiki kwa upole kama rangi za maji. Kwa hiyo kila umbo lilibidi lisimame peke yake, lenye ukingo ulio wazi, juu ya mandhari tulivu. Twiga unamtambua ukiwa ng'ambo ya barabara. Uwezo wa chombo chake ulikuwa mdogo, akautumia wote. Nataka uitazame kompyuta yako ya GB 4 kwa jicho hilo.

Basi tufike kwenye programu. Kwa kompyuta hiyo weka GIMP kwa ajili ya picha na Inkscape kwa ajili ya mabango, nembo na maandishi. Zote ni za bure kabisa, kihalali, na ukishazipakua mara moja hazikudai intaneti. Mwombe mwenzako akuwekee kwenye fleshi, bando lako lipumzike. Ukiletewa faili la Photoshop na mwalimu, lifungue kwa Photopea, inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Faili lako haliondoki kwenye kompyuta kwenda popote, kwa hiyo haili data kama unavyodhani. Usijisikie mnyonge kwa kutumia GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis. Photoshop nayo ni kazi ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, toleo la kwanza likatoka 1990. Leya, yaani matabaka ya picha yanayolazwa moja juu ya jingine, ambazo leo hatuwezi kuishi bila hizo, hazikuwemo hadi toleo la tatu, mwaka 1994. Jifunze vizuri leya, maski (pazia la kuficha au kufunua sehemu ya leya) na uchaguzi wa eneo kwenye programu moja, na nyingine utazihamia ndani ya wiki, kwa sababu mambo hayo yapo kila mahali kwa majina yaleyale.

Canva siikatazi. Ni nzuri kwa tangazo la haraka la kikundi cha WhatsApp. Ila kwa muhula huu iweke pembeni, kwa sababu inakufanyia maamuzi ambayo umekuja chuoni kujifunza kuyafanya mwenyewe.

Zile Photoshop zilizokrakiwa zinazouzwa kwenye fleshi hapo nje, ziache. Nimeshuhudia mwanafunzi akipoteza tasnifu yake yote wiki moja kabla ya kuikabidhi, kwa virusi vilivyoingia na programu ya namna hiyo. Alilia mbele yangu na sikuwa na cha kumsaidia.

Kabla ya kwenda kwa dada yako, neno juu ya ile picha ya muuguzi uliyoiweka katikati ya bango. Umeitoa kwenye kikundi cha WhatsApp. WhatsApp ikituma picha kwa kawaida huishusha hadi pikseli (vigae vidogo vinavyounda picha) 1600 hivi upande mrefu. Karatasi ya A4 ikiprintiwa vizuri, nukta 300 kwa inchi, inataka pikseli 2480 kwa 3508. Fanya hesabu: picha yako inatosha sentimita 13 na nusu tu, na wewe umeivuta hadi ukingo wa karatasi. Ndiyo maana uso wa muuguzi umekuwa vigae, na kwa kuwa umeivuta upande mmoja, umekuwa mpana pia. Isitoshe picha ile ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha kama inavyolinda wimbo, na yule muuguzi hakuulizwa kama anataka kukaa ukutani Mlimani. Mwombe rafiki yako akunje mkono wa shati, mweke karibu na dirisha, piga picha ya mkono tu. Itakuwa yako, itakuwa kubwa, na itasema zaidi.

Sasa picha ya mahafali. Nimeikaza macho sana kwa sababu ni picha nzuri iliyokosewa mahali pamoja. Dada yako amesimama na joho lake, anacheka kicheko cha kweli, nyuma yake anga la saa sita mchana. Kamera ya simu haijui kwamba yule ni dada yako. Inapima mwanga wote ulioingia na kuutafutia wastani, kijivu cha katikati. Anga lilikuwa kali, ikapunguza mwanga wa picha nzima, uso ukazama. Ungempiga mbele ya ukuta wa giza, na joho lile jeusi, ingefanya kinyume: ingeongeza mwanga hadi joho liwe kijivu na ngozi ipauke. Siku nyingine gusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, ili kamera ipime pale, kisha rekebisha mwanga kwa kidole. Na usipige saa sita. Dar iko chini kidogo ya nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la mchana halichezi mbali na utosi, linatua kwenye paji la uso na kuyaacha macho kama mashimo. Msogeze ukingoni mwa baraza, aangalie nje kwenye mwanga, wewe ukae nje. Chini ya mwembe pia panafaa, ila majani huitia ngozi ukijani na utalazimika kuuondoa baadaye. Au subiri saa kumi na moja jioni, ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote.

Lakini mahafali hayarudiwi, kwa hiyo tuiokoe tuliyonayo. Fungua picha kwenye GIMP, nakili leya yake, na ile ya chini usiiguse tena. Hiyo ndiyo amana yako. Kwenye leya ya juu fungua kile kisanduku kiitwacho Curves, chenye mstari wa mshazari unaoweza kuupinda. Upande wa kushoto wa mstari ni sehemu za giza, wa kulia ni za mwanga. Shika robo ya kwanza kutoka kushoto, uipandishe kidogo kidogo huku ukitazama shavu lake. Simama pale shavu linapoanza kuonyesha umbo. Usitazame anga, litaharibika zaidi, na ni sawa, kwa sababu sasa unaiwekea leya hii maski nyeusi, na kila kitu ulichofanya kinafichika. Chukua brashi laini, rangi nyeupe, nguvu asilimia 20, upake polepole usoni. Panapopakwa nyeupe ndipo leya ya juu inapojitokeza. Pita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu kwenye kope na chini ya macho. Kisha shingo. Kisha mikono iliyoshika cheti. Wanaoanza wengi husahau mikono, na mhitimu anaonekana kama amebandikwa kichwa cha picha nyingine.

Anga lake likubali lilivyo. Pale lilipofika 255, kiwango cha mwisho cha mwanga, kwenye nyekundu, kijani na bluu kwa pamoja, hakuna kitu ndani cha kurudisha. Kata picha kwa juu ili libaki kidogo. Usimbandikie anga la kuazima lenye mawingu ya jioni. Vivuli vya saa sita vilivyo usoni vitakusuta.

Na hapa nikuombe kitu, mdogo wangu, kwa uzito wote. Ukimaliza, utaona kwamba ukiendelea kupandisha ule mstari, dada yako anazidi kuwa mweupe, na kuna studio nyingi mjini ambako hapo ndipo wangesema picha "imetakata". Usifanye hivyo. Kwa miongo mingi kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara za picha kadi ya kulinganishia rangi yenye sura ya mwanamke Mzungu, kadi zile zikaitwa Shirley. Maabara zikarekebisha mashine hadi ngozi yake itoke vizuri, na ya mtu mweusi ikatoka vyovyote itakavyotoka. Bibi zetu wamo kwenye albamu wakiwa vivuli visivyo na pua kwa sababu hiyo. Leo chombo kiko mkononi mwako, hakuna anayekulazimisha. Ngozi nyeusi ina mng'ao wake: kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu, kwenye ncha ya pua. Mng'ao ule ndio unaochora sura, na ndio wa kwanza kufa ukitumia kile kifaa cha programu cha kulainisha ngozi hadi mtu awe plastiki. Ondoa chunusi iliyomtoka wiki ile, maana itaondoka yenyewe. Kovu, alama ya kuzaliwa, mwanya, viache hadi mwenyewe aseme. Nilipoanza kazi nilimfutia mama mmoja kovu la shavuni bila kumwuliza, nikidhani namfanyia hisani. Aliishika picha akanyamaza, kisha akaniambia lile kovu alilipata akimtoa mwanawe kwenye nyumba inayoungua. Nilimrudishia palepale. Tangu hapo nauliza.

Uchapaji sitauelezea wote, muhula wako ni mfupi. Jua tu kwamba kioo kinatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu na kijani na bluu, na mashine ya kuchapa inatengeneza kwa wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kuna rangi za kioo ambazo wino haziwezi kuzifikia, hasa bluu kali na zambarau ya kung'aa. Nilijifunza hili kwenye kadi 300 za sendofu. Mama wa bibi harusi alichagua zambarau ileile ya vitenge vya sare, tukakubaliana kwenye kioo, nikapeleka kiwandani bila kuchapa ya mfano. Zikatoka nzito, zimeelemea damu ya mzee. Zikawekwa kando ya sare na kila mtu akaona. Nilizichapa upya kwa fedha yangu, na ilinichukua miezi kuirudisha. Kwa hiyo chapa moja ya mfano kwanza, siku zote, na kama kuna kitambaa cha kufananisha nenda nacho mkononi. Acha milimita 3 za rangi kuzidi ukingo kila upande, kisu kikikosea kisiache ufito mweupe. Maandishi madogo yawe ya wino mweusi mtupu, sio mchanganyiko wa wino nne, la sivyo karatasi ikicheza kidogo mashinani herufi zinaota vivuli. Na namba ya simu isomewe kwa sauti na mtu mwingine, tarakimu moja moja, kabla faili halijaondoka.

Kuhusu wale wenzako wawili wanaolipwa. Wamekutangulia kwa wepesi wa mikono, na wepesi huo utaupata, ni suala la saa unazokaa. Lakini wewe unasoma sosholojia. Unafundishwa kumkalisha mtu na kumuuliza bila kumwekea majibu mdomoni. Hiyo ni nusu ya kazi yangu ya kila siku. Mteja akija kusema "nataka kitu kizuri," anayejua kuuliza ataondoka na jibu: kitabandikwa wapi, atakisoma nani, akishasoma afanye nini. Tumia ujuzi huo kwenye bango. Mwonyeshe mama lishe wa pale chini kwa sekunde tatu, uligeuze, umuulize ameona nini. Mwonyeshe mlinzi wa geti. Mwonyeshe mtu wa hosteli ya Mabibo aliyechoka foleni ya daladala. Usiwaelezee chochote. Wakikutajia damu na Jumatano, limesomeka.

Ukianza kupata kazi za kulipwa, na utapata, kwa kuwa chuo kizima kina vikundi, makongamano na sherehe za kuaga, chukua nusu ya malipo kabla ya kuanza, andikianeni idadi ya masahihisho, mbili zinatosha, na mpe mteja faili la PDF ukibaki na faili lenye leya. Mwanzoni utaona haya kusema hivyo. Sema hivyo hivyo.

Swali la kama utafika siwezi kulijibu kwa kuangalia bango moja. Ninachokiona ni kwamba uliambiwa neno moja gumu na badala ya kulificha bango ukalituma kwa mtu mwingine alitazame. Mwalimu wako atakuwa anakaa na wanafunzi kupitia kazi zao. Kaa mbele, peleka kazi ambayo haijaisha, uliza anaona nini kwanza.

Wiki hii fanya hivi: visanduku 20 kwa kalamu, chagua viwili, kitengeneze kimoja kwa Inkscape, rangi mbili, fonti moja, picha ya mkono wa rafiki yako. Kiprinti A4 nyeusi na nyeupe kwenye steshenari yoyote ili usimalize hela, ukibandike kwenye ubao pale mlipo, kati ya matangazo ya vyumba vya kupangisha na ya madaftari yaliyopotea. Rudi nyuma hatua nne kubwa, piga picha ubao mzima, ulivyo. Kisha nitumie picha hiyo, na safari hii itume kama dokumenti ili WhatsApp isiishushe.